Katekista na Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Wasomaji, mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu. Nikiandika haraka, r na l zinabadilishana nafasi, kwa hiyo naandika polepole: sentensi moja, naenda kukoroga mboga, narudi kwenye nyingine. Mahali nilipokosea mtaelewa tu. Na kama kuna mtu amenisahihishia kabla maneno haya hayajawafikia, namshukuru.

Nataka kuwaeleza habari za mzee mmoja wa huku kwetu Matogoro, Songea. Sitamtaja jina kwa sababu hata sisi hatulitumii. Watoto, watu wazima, marehemu mke wake, hata Waislamu wenye maduka kule Lizaboni anakonunua betri za redio, wote humwita Katekista. Alikozaliwa na ukoo wake sivijui vizuri. Ninachokijua ni habari za kaburi la mawe, kwa kuwa nilikuwepo. Miaka yote niliyomfahamu, kitu alichokitaka hapa duniani kilikuwa kimoja, kwamba mawe yale yabaki pale yalipo.

Yalikuwa mlimani, juu ya shamba letu la mahindi, pale msitu unapoanza. Jiwe moja bapa, refu kuliko mlango wa kanisa, lilikuwa limelazwa juu ya mengine yaliyosimama, kama meza ya watu wakubwa kuliko sisi. Kulizunguka kulikuwa na mawe madogo yaliyopangwa duara, mengine yamezama ardhini hata unayajua kwa kujikwaa. Nani aliyapanga, hakuna ajuaye. Wazee wa Kingoni wanasema babu zao walipofika waliyakuta. Wandendeule nao wanasema waliyakuta. Kila mtu aliyakuta.

Mwalimu mmoja wa historia, mgeni kutoka Singida, aliwahi kuleta wanafunzi wake. Akalizunguka kaburi, akalipima kwa kamba, akainama kuchungulia chini ya lile jiwe. Katekista akamwuliza, "Sasa mwalimu, huyu ni nani?"

"Mzee, sijui," mwalimu akasema. "Ni wa zamani sana, pengine kabla ya jembe la chuma. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Katekista alifurahi mno. Baada ya hapo kila mgeni aliyepanda naye aliambiwa, "Alikuja msomi hapa akasema hajui. Mtu mzima, na tai shingoni." Hakusema kwa kumcheka. Alisema kama mtu anayesifia shati zuri.

Huyu mzee ni mrefu, mwembamba, na sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake. Baiskeli yake haina breki, hivyo kwenye mteremko wa kwetu hushuka akitembea nayo na kwenye mwinuko pia hushuka, na mama yangu husema ile siyo baiskeli ila ni mtu wa kumsindikiza. Anaogopa bata. Ng'ombe haogopi, nyoka nimemwona akimuua kwa pampu ya baiskeli, lakini nyumba yenye bata huombea wagonjwa akiwa amesimama getini. Akihimizwa aharakishe ibada kwa sababu mvua inakuja, hujibu, "Mungu hana bodaboda," na kuendelea na wimbo, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Hata hivyo yeye mwenyewe akiona chakula kinachelewa husali sala ya kushukuru kabla hakijaipuliwa, ili kisipoteze muda kikifika.

Mtoto akimdanganya hampigi. Humwambia, "Rudia, lakini sasa sema ilivyokuwa." Maneno hayo tu. Nimeona watoto wakilia kwa hayo kuliko kwa fimbo.

Mimi alinifahamu kwenye mafundisho ya kipaimara. Nilikuwa siwezi kusema mbele za watu, na hata sasa siwezi sana. Nikisimamishwa, sala zote nilizozijua nyumbani zilikimbia. Wenzangu walicheka. Jumamosi moja Katekista aliniambia nimfuate na ndoo ya maji. Tukapanda hadi kwenye mawe. Akaniambia, "Sema Nasadiki mbele ya huyu. Huyu hatakucheka." Kisha akaenda kusimama mbali, akanipa mgongo, akaanza kuokota masuku, yale matunda ya porini. Nikaisema yote. Aliporudi hakunisifu. Alinipa masuku, akasema, "Umeona? Amesikiliza." Wiki iliyofuata niliisema darasani nikiangalia dirishani, upande wa mlima.

Basi watu walimshangaa kwa jambo moja. Kwa upande wa matambiko alikuwa mkali. Kuna mzee aliyeonekana akimwaga pombe ya komoni chini ya mti shambani kwake, na Katekista alilizungumza hilo kila Jumapili mpaka Noeli. Mzee wa watu akahamia kusali parokia nyingine. Lakini Katekista huyo huyo hakupita kwenye yale mawe bila kuvua kofia na kusema, "Shikamoo." Na akishasema husimama. Husubiri, kama unavyosubiri mtu aliye ndani avae kanzu ndipo afungue mlango. Kisha husema, "Haya," na kuondoka.

Mama yangu alimwuliza siku moja, "Katekista, mwenye komoni yake umemfukuza. Na hilo lako linaitwaje?"

"Linaitwa adabu, Mama Anna."

"Na yule wa komoni alikosa adabu?"

"Yule alikuwa anaomba kitu. Mimi siombi kitu. Mtu mkubwa kwangu nimwone, nimpite kama kisiki?"

Mama akasema, "Wewe mzee una maneno," na akamwongezea chai.

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, sisi Wakatoliki wa huku hupalilia makaburi ya ndugu zetu, tunapaka chokaa, tunawasha mishumaa. Katekista alianza na la mke wake, akaongoza sala makaburini na watu wote, na wenye magari yao wakaondoka. Halafu ndipo alipoinua ndoo ya chokaa iliyobaki na kusema, "Tumsalimie asiye na mwenyewe." Tuliomfuata tulikuwa wachache, wengi wetu watoto, kwa sababu kule juu kulikuwa na masuku. Milima inakuwa imeungua wakati huo, nyasi nyeusi, na viatu vinaondoka vyeusi. Tulifyeka, tukafagia. Ilipofika sala, pale panapotakiwa kutajwa jina la marehemu, Katekista alinyamaza. Hakuweka jina la kubuni. Alikaacha kale kanafasi kapite, tukasikia upepo, kisha akaendelea na "umjalie pumziko la milele".

Miaka ikaenda hivyo. Halafu ujenzi ukapamba moto mjini na kokoto zikatafutwa. Watu wakapanda mlimani na nyundo. Kwanza walivunja miamba ya kandokando ya barabara, halafu wakasogea. Asubuhi moja tulikuta mawe mawili ya lile duara yamepasuliwa, na majivu ya moto waliouwasha juu yake ili yapasuke upesi. Katekista aliketi pale chini, akaviokota vile vipande na kujaribu kuviunganisha. Havikuungana.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka mkijue vizuri. Alijua kwamba mtu wa huku anaweza kuvunja jiwe lolote, lakini kaburi lenye msalaba halivunji. Basi akanunua saruji. Akanituma maji, mimi na mdogo wangu, tukapandisha ndoo kwa ndoo. Akachanganya mwenyewe, akasimika msalaba kichwani pa lile jiwe kubwa, akausiliba, kisha akalipaka jiwe lote chokaa. Kwa chini, ukiwa shambani, lilikuwa linaonekana jeupe kabisa katika ule mlima mweusi.

Padre aliposikia alimwuliza, "Umebatiza jiwe, Katekista?"

"Nimelivalisha tu, Padre. Lilikuwa uchi na wezi wapo."

Padre akacheka, yakaisha. Wenye nyundo nao hawakuligusa tena. Walipita mbali, wengine wakifanya ishara ya msalaba. Watoto waliozaliwa baadaye walikua wakiliita kaburi la Kanisa. Katekista alilisikia hilo na hakulikataa. Lilimfaa.

Sasa nifike kwenye tangi.

Sisi huku juu maji yalikuwa ya shida. Kiangazi tulishuka mtoni, tukachimba mchangani, tukasubiri yajae kikombe kwa kikombe. Mama yangu mgongo wake umeharibikia huko. Kwa hiyo uliposikika mradi wa kujenga tangi mlimani na mabomba hadi kwetu, hakuna aliyelala kwa furaha, na Katekista naye alipiga kengele ya kigango kuwaita watu kwenye mkutano. Wataalamu wakaja na vyombo vyao vya kupimia. Wakatembea, wakapigilia vigingi. Vigingi vikazunguka kaburi.

Mtaalamu mkuu alikuwa kijana, mtu wa mkoa mwingine kwa lafudhi, mpole. Sina neno baya juu yake. Mkutanoni alieleza kwamba pale ndipo penye mwamba wa kubeba tangi na ndipo penye kimo kinachotakiwa. Kuhusu kaburi, alisema taratibu zipo, litahamishwa kwa heshima hadi makaburi ya parokia, mbele ya Kanisa na serikali ya mtaa.

Katekista akasimama. "Baba, lile siyo kaburi la juzi. Ni la watu wa kale. Waje kwanza wa serikali wanaohusika na mambo ya kale, walitazame."

"Mzee, nimefika pale," kijana akasema. "Lina msalaba."

"Msalaba niliuweka mimi."

"Lina saruji, Mzee wangu. Watu wa kale walikuwa na saruji?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lilikuwa jambo la kuchekesha tu. Katekista alisubiri wamalize. "Saruji ni yangu pia. Nililificha lisivunjwe."

Mwenyekiti wa mtaa akaingilia, "Katekista, miaka yote umetuambia tuliheshimu kaburi hilo. Umetuongoza sala pale. Leo unasema siyo kaburi?"

"Ni kaburi. Nasema siyo letu."

"Sasa la nani?"

Akasema, "Sijui."

Yule mwalimu wa Singida, alipolisema hilo neno, lilikuwa zuri. Pale mkutanoni halikuwa zuri. Lilisikika kama la mtu aliyeshindwa. Katekista akageuka, akatafuta kwa macho mpaka akanipata nilipokaa na akina mama. "Huyu binti alikuwepo," akasema. "Ndiye aliyepandisha maji."

Nilisimama. Nilitafuta dirisha lakini mkutano ulikuwa nje. Basi nikautazama mlima na nikasema yote. Nikasema mawe yalikuwepo kabla, msalaba ni wa juzi, maji niliyabeba mimi, na mwalimu wa historia alilipima kwa kamba. Sikupata kigugumizi. Ilikuwa mara ya kwanza kusema mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyecheka.

Mtaalamu alinisikiliza mpaka mwisho. "Asante, dada," akasema. "Nakuamini. Lakini mimi nikiripoti kuna kaburi la kale, wataniomba picha, na picha itaonyesha msalaba wa saruji na chokaa. Hakuna atakayetoka ofisini kuja kutazama hilo. Na mradi ukisimama hapa, utahamia mtaa mwingine."

Hapo kelele zikaanza. Mama yangu akanivuta khanga. "Kaa chini, mwanangu. Umesema vizuri. Sasa kesho nani atakwenda mtoni, mawe?"

Nikakaa. Mgongo ule nauona kila siku akiinama.

Katekista alimtafuta yule mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa Nakapanya kule Tunduru. Nilimshikia simu kwa sababu yeye huisemea kwa mbali kama redio. Mwalimu alisikitika kweli. Alisema atauliza anaowajua. Tukangoja, tukapiga tena, akasema bado anauliza. Tulipopiga mara nyingine simu haikupatikana, na tingatinga lenye mkono, lile wanaloliita kijiko, lilikuwa limeshapanda.

Siku ya kuhamisha tulikuwepo mwenyekiti, mtaalamu, wanakwaya wachache, na Katekista na kitabu chake cha sala. Padre alikuwa safarini na hiyo kazi ikawa yake. Angeweza kukataa. Nilimwuliza kwa nini hakukataa, akasema, "Atolewe nyumbani kwake na asiwepo hata mtu anayemfahamu?"

Kijiko kiliinua lile jiwe kubwa, msalaba ukakatika ukadondoka kando. Jiwe likapasuka katikati lilipotuliwa. Chini kulikuwa na udongo mweusi, laini, tofauti na wa pembeni. Wakachimba. Hatukuona mfupa. Kilitoka kigae cha chungu, kidogo kama kiganja cha mtoto, chenye mistari, na udongo tena, na mwisho mwamba. Fundi seremala wa mtaa alikuwa ameleta kisanduku cha mbao za mlingoti. Wakatia udongo wa makoleo machache na kile kigae, wakapigilia kifuniko.

Makaburini parokiani Katekista alisoma sala vizuri, sauti ile ile. Alipofika pale pa jina akanyamaza. Tukasikiliza. Huko bondeni hakuna upepo kama wa mlimani. Alinyamaza muda mrefu, mwenyekiti akadhani amesahau, akainama akamnong'oneza, "Sema Yohane, Mzee. Sema lolote twende, jua kali." Katekista hakusema Yohane. Aliendelea na "umjalie pumziko la milele", na wote tukaitikia amina.

Maji yalifika. Bomba liko karibu na kanisa na ni mazuri, hata kiangazi. Mama haendi tena mtoni. Nayanywa kila siku, na kila siku nayafurahia, na sijui la kufanya na furaha hiyo. Mawe yale yaliwekwa kwenye msingi wa tangi pamoja na kokoto.

Katekista aliacha kupanda mlimani. Magonjwa ya miguu yakamkuta, baiskeli ikabaki imeegemezwa ukutani na kuku wakapanda juu yake. Nilipomtembelea aliniuliza jambo moja tu, tena na tena, kwa namna tofauti. "Wewe ulikuwa karibu na lile shimo. Unadhani tulimtoa, au tulitoa udongo?" Nilisema sijui, Katekista. Siku nyingine, "Mtu akikaa sana anakuwa udongo wenyewe, sivyo? Basi sehemu yake ni ipi, ile ya sandukuni au ile iliyobaki?" Hajawahi kuniambia nirudie niseme ilivyokuwa, kwa maana anaona sijui ilivyokuwa.

Novemba iliyopita nilimfuata nyumbani kwake asubuhi. Alikuwa amevaa koti, ndoo ya chokaa miguuni. Tukaenda makaburini, akapaka la mke wake nikimshika mkono. Kale kakaburi kapya kalikuwa hapo karibu, kakiwa na msalaba wa mbao ulioandikwa "Asiyejulikana". Alikatazama, brashi mkononi. Hakukapaka. Akasema, "Nipeleke juu."

Nilimchukulia bodaboda, nikapanda nyuma yake nimshike asianguke, ndoo ikining'inia upande. Tangi limezungushiwa waya, na geti lina kufuli. Mlinzi ni kijana wa huku huku, Katekista ndiye aliyemfundisha kipaimara. Alituona akaja mbio.

"Katekista. Samahani, hapa hairuhusiwi kuingia."

"Siingii, baba."

Alishika waya kwa mkono mmoja, kwa mwingine akavua kofia. Akasema, "Shikamoo."

Kijana alishtuka kabisa. Akarudi nyuma. "Katekista, jamani. Mimi mtoto wako, usiniamkie. Unanitafutia laana bure."

"Siyo wewe," Katekista akasema, kwa upole tu. "Tulia kidogo."

Akasubiri. Mimi nilijua kusubiri kule. Yule kijana hakujua, alinitazama mimi, akatazama tangi, kisha naye akavua kofia yake akaishika kifuani. Maji yalikuwa yakiingia ndani ya tangi na sauti yake ilijaa kila mahali, hata kama kungekuwa na upepo usingesikika. Katekista aliinamisha kichwa kama anayejaribu kusikia kitu nyuma ya sauti hiyo. Alisubiri kuliko siku zote. Nilitaka aseme "Haya", kama zamani, tuondoke. Hakusema.

Mwisho alinigeukia. "Chokaa hii niipake wapi?"

Tulirudi na ndoo imejaa, na chokaa ikagandia humo. Bado iko mlangoni kwake.

Yeye yupo, ila sasa hatoki. Novemba inakuja tena na najua ataniuliza. Ninyi mnaosoma, huenda kwenu pia kuna mawe ya watu wa kale yaliyokutwa tu. Pengine mmewahi kumhamisha mtu wa namna hiyo. Niandikieni, hata kwa mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, mniambie mwenye kaburi anabaki upande upi. Nitakwenda kumsomea kwa sauti.